Tumemlilia Mustafa wa Uturuki, Tuonyesheni na Mugaya wa Butiama

Jioni Mustafa alipoingia kwenye hema la baba yake akakuta wanyongaji wanamsubiri, cherehani zote ofisini kwangu zilinyamaza. Ninashona nguo Nyasho, hapa Musoma, na ukutani nimetundika televisheni yenye king'amuzi cha Azam. Wateja waliofuata nguo zao walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, wengine juu ya marobota ya vitambaa, na karibu wote walikuwa wanalia. Mama mmoja muuza dagaa, mtu mzima mwenye wajukuu, alikaza kanga kiunoni akasema kwa sauti, “Baba gani huyu anamwua mwanawe kwa maneno ya kuambiwa?” Hakuna aliyemjibu. Kesho yake sokoni, kuanzia kwenye nyanya mpaka kwenye mitumba, msiba ulikuwa huo mmoja.

Tamthilia yenyewe ni Sultan, ile ya Waturuki kuhusu Sultan Suleiman na familia yake, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Nimesikia mengi kuhusu sisi tunaoipenda: kwamba hatuna kazi, kwamba tunalilia watu wa mbali waliokwisha kufa, kwamba tumetekwa na ya wageni. Aghalabu wanaosema hivyo ni watu wa mpira. Biashara United yetu iliposhuka daraja mwaka 2022, wanaume wa mtaa huu walishinda bila kula, na sisi wake zao na dada zao tuliwapa pole. Hatukuwaambia kwamba ule ni mpira tu. Mapenzi yao kwa timu tuliyaheshimu. Basi na mapenzi yetu kwa hadithi yaheshimiwe, maana ndani yake kuna ujuzi ambao nchi hii inautupa.

Nautaja ujuzi kwa sababu nauona kwenye meza yangu ya kukatia. Mteja anakuja na simu, amepiga picha ya kioo cha televisheni pale Hurrem, mke wa Sultan, anapopita ukumbini, anataka gauni lile. Hasemi “nishonee gauni zuri”. Anasema mkono ubane mpaka kwenye kiwiko kisha ufunguke, shingo iwe ya mraba, kifuani kuwe na lesi ya dhahabu, kitambaa kiwe mahameli ya kijani iliyokolea, kwa sababu ile nyekundu alivaa siku nyingine. Nikikosea mkono ananirudishia. Mteja huyo anajua nani alikaa upande gani wa Sultan, ni lini Mahidevran, mama wa Mustafa, alianza kushindwa, waziri Ibrahim Pasha alijisahau wapi hadi akauawa. Meryem Uzerli, aliyeigiza Hurrem, alipoacha na nafasi yake kuchukuliwa na Vahide Perçin, ofisini kwangu kulikuwa na mjadala ambao ningependa watengenezaji wa filamu wetu wangekuwepo wausikilize. Walijadili macho, walijadili namna ya kutembea, walijadili kama mwanamke aliyezeeka ndani ya ikulu anaweza kubaki na kicheko cha usichana. Waliojadili ni muuza dagaa, msusi na mwalimu wa awali.

Kule Bunda mashabiki ni vijana. Pale karibu na stendi kuna banda la kuonyesha video ambalo kaka yangu hulipitia akishusha abiria. Mlangoni kuna ubao wa chaki: saa nane Mkorea, saa kumi Mhindi, saa mbili usiku mpira. Kiingilio ni sarafu chache, mabenchi hayana migongo, na joto la bati unaweza kuchomea mkate. Lakini ingia siku wanapoonyesha filamu ya mapigano yenye sauti ya mtafsiri juu yake. Steringi akinyemelewa, banda zima linasimama: “Mura, nyuma yako!” Mtafsiri anaeleza, anachekesha, anataja mitaa ya kwetu, anampa jambazi la Kimarekani jina la Kiswahili, na kijana ambaye hakufika kidato cha pili anafuata hadithi ya saa mbili bila kupotea. Kazi hiyo wengine waliianza zamani. Kapteni Mukandala, ambaye watu walimjua zaidi kwa jina la Lufufu, alijulikana nchi nzima kwa sauti yake tu, na baada yake wamekuja akina DJ Mack na kule Kenya DJ Afro.

Hapo ndipo wanaotulaumu kwa kupenda ya wageni wanapokosea. Tuliyapenda yalipokuja kwa lugha yetu. Mwaka 2011 TBC walionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa na sauti za Kiswahili, na mama mkwe wa Beijing akaeleweka Musoma bila maelezo. Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013, aliitaja tamthilia hiyo kwenye hotuba yake. Kiongozi wa taifa kubwa namna ile alitambua kwamba mwanamke aliyekaa sebuleni Tanzania akifuatilia ugomvi wa mkwe na mkaza mwana ni jambo la kusemwa mbele ya dunia. Sisi wenyewe bado tunamcheka.

Na kama ni kuleta hadithi za mbali kwa Kiswahili, aliyetutangulia wote anatoka huku huku Mara. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Julius Caesar ya Shakespeare ikatoka mwaka 1963, akiwa Rais. Mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Mtu mwenye nchi changa mikononi alikaa usiku akitafuta maneno ya Kiswahili ya kumtia mdomoni Mroma aliyemchoma kisu rafiki yake. Hakuona ni kazi ya watu wasio na shughuli.

Sasa nije kwa filamu zetu, na hapa naomba nisieleweke vibaya, kwa sababu nazipenda. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, nilifunga ofisi. Tulikuwa tunamwita kwa jina kana kwamba anaishi hapa mtaani Mwisenge. Siku mbili baadaye, tarehe 9, Uturuki nako akafariki Meral Okay, mwanamke aliyekuwa akiiandika Sultan, na tamthilia ikiwa katikati. Nimeyawaza sana mambo hayo mawili. Kule kalamu ilichukuliwa na Yılmaz Şahin, hadithi ikasonga mpaka mwaka 2014, vipande 139. Huku Kanumba alipoondoka, wengi tuliokuwa tukinunua kila CD mpya tuliacha. Hatukuacha kwa sababu hapakuwa na waigizaji. Tuliacha kwa sababu tulichoka kuona nyumba ile ile ya Dar es Salaam yenye geti na kochi la ngozi, tajiri yule yule, mganga yule yule, na hadithi iliyokatwa katikati ili tununue sehemu ya pili. Siku hizi tamthilia kama Huba na Jua Kali zimetuonyesha kwamba Watanzania wanaweza kubeba hadithi ndefu na watu wakaingoja. Zinafanya vizuri, na wateja wangu wanazifuatilia. Ila bado ni Dar es Salaam. Nikiangalia sioni ziwa langu, sioni mawe yetu, simsikii mtu anayeongea kama shangazi yangu.

Mkoa wetu haujakosa kamera. Wajerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipiga filamu ya Serengeti mwaka 1959, Michael akafa kwa ajali ya ndege katika kazi hiyo hiyo, na filamu ikapata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Giselle Portenier alikuja kurekodi mabinti wanaokimbia kukeketwa na nyumba salama inayowapokea, na filamu yake ikatoka mwaka 2018. Zote ni kazi za maana, na hiyo ya pili nadhani kila mzazi wa Mara angepaswa kuiona. Lakini ukizijumlisha, dunia inatujua kwa wanyama na kwa wembe. Ni nani atakayetutengenezea hadithi ya kumfanya muuza dagaa aache mizani?

Ninayo moja, na ipo Butiama, nilikozaliwa. Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki alikuwa na wake 22. Wa tano alikuwa Mugaya wa Nyang'ombe. Mwaka 1922, tarehe 13 Aprili, Mugaya akajifungua mtoto wa kiume, ndiye Mwalimu wetu, akapewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua. Hebu kaa na hilo kwanza kama shabiki, siyo kama mwanafunzi wa historia. Boma la chifu, nyumba za wake 22, kila mmoja na jikoni lake na watoto wake, kila mmoja anajua chifu amelala wapi jana. Wajerumani wameondoka juzi, Waingereza wameshika, na chifu sasa ana bwana mwingine juu yake. Mtoto anakua akicheza bao na wazee. Inasimuliwa kwamba alimshinda Chifu Makongoro wa Ikizu, na Makongoro ndiye aliyemwambia Burito kwamba mtoto mwenye akili hii apelekwe shule. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, anaanza shule Mwisenge, hapa Musoma, mwendo mrefu kutoka kwa mama yake. Mwaka 1942 chifu anafariki, na urithi wa kiti unaamuliwa. Mugaya yupo katika yote hayo. Aliishi mpaka mwaka 1997, alimwona mwanawe akiwa Rais na akamwona akirudi kijijini kulima. Siku gani mwanamke huyo alicheka? Siku gani alinyimwa? Wake wenzake walimwambia nini mtoto wake alipochaguliwa kwenda shule na wao wa kwao wakabaki na mbuzi?

Mimi nimesoma Butiama, na tulipelekwa makumbusho ya Mwalimu pale Mwitongo kwa mstari. Tuliona vitu vyake, tukaona kaburi, tukapita. Wanafunzi wa leo nawaona wanavyopita, wameandika tarehe kwenye daftari, basi linapiga honi. Wengi wao wanaweza kukutajia watoto wote wa Suleiman kwa mpangilio wa kuzaliwa. Ni watoto wenye kumbukumbu nzuri kabisa. Kitu wasichonacho ni uso wa Mugaya, sauti yake, ugomvi wake na mumewe. Nchini Uturuki, kipande cha kifo cha Mustafa kilipoonyeshwa Februari 2014, watu walimiminika kwenye kaburi lake huko Bursa. Kijana aliyeuawa mwaka 1553! Fikiria watu wakishuka Bweri na Bunda stendi wakiuliza gari la Butiama kwa sababu jana usiku wameona Mugaya akimsindikiza mwanawe.

Najua jibu nitakalopewa. Huyu ni Baba wa Taifa, Kanisa Katoliki limempa jina la Mtumishi wa Mungu, huwezi kuingiza kamera chumbani kwa wazazi wake. Hofu hiyo naielewa na siipuuzi, mimi mwenyewe sitaki kuona upuuzi ukifanywa kwa jina la mzee yule. Lakini Waturuki nao walikuwa na hofu hiyo. Recep Tayyip Erdoğan, akiwa Waziri Mkuu mwaka 2012, aliilaumu Sultan hadharani kwa jinsi ilivyomwonyesha mtawala aliyekaa miaka mingi juu ya farasi vitani. Watu wakabishana, wakachimba vitabu, na ubishi ule ukawa somo la historia kwa nchi nzima. Heshima hailindwi kwa kumfungia mtu kwenye kabati la kioo. Watengenezaji waende kwanza Mwitongo, wakae na familia, waombe ruhusa, wawasikilize wazee wa Kizanaki kabla hawajaandika ukurasa wa kwanza. Wamlipe mwandishi aandike mwaka mzima. Mara nyingi kwetu fedha zinaishia kwenye gari la mwigizaji, na mwandishi anapewa wiki mbili.

Ombi langu nalielekeza kwa vituo vyenye uwezo, Azam, TBC na Maisha Magic Bongo, na kwa Bodi ya Filamu ambayo naiona ikizungumzia maadili zaidi kuliko hadithi. Tangazeni kwamba mnatafuta hadithi ndefu kutoka mikoani. Leteni usaili wa waigizaji Musoma na Bunda, hamtakosa sura wala sauti. Wachukueni watafsiri wa kwenye mabanda muwape mikataba na haki zao, kwa sababu hakuna anayejua kama wao ni wapi mtazamaji anachoka. Na sisi mashabiki tufanye yetu: tulipie vifurushi, tuache kununua kazi ya mtu kwenye flashi kwa bei ya karanga, maana hadithi isiyolipiwa haitafika kipande cha 139.

Mavazi yasiwape shida. Nyasho tuna mafundi ambao wamekwisha kushona ikulu nzima ya Istanbul kwa kuangalia picha ya simu. Mkituletea wazee wa kutueleza mwaka 1922 walivaa nini pale Butiama, tutaanza kukata kesho yake.