Mbio za Kisimani: Wito kwa Watu wa Bwejuu na Mafia Yote

Kisiwa cha Bwejuu, ambacho hakifai kuchanganywa na kijiji cha jina hilo kilichoko mashariki ya Unguja, ni kimojawapo cha visiwa vidogo vya Mafia, nacho kiko upande wa magharibi, katika bahari inayotenganisha Mafia na delta ya mto Rufiji. Watu wake ni wavuvi, na ng'ambo yao katika kisiwa kikuu kuna Ras Kisimani, yaani rasi ya mahali penye kisima, ambako katika zama za masultani wa Kilwa palisimama mji wa Waswahili Waislamu uliofanya biashara na nchi za mbali. Mwanaakiolojia Neville Chittick aliuchimba mji huo na kuchapisha taarifa yake mwaka 1961, na sarafu zenye majina ya masultani wa Kilwa zimepatikana katika udongo wake. Bahari imekwisha kula sehemu kubwa ya mji. Yaliyosalia ni vipande vya kuta, mawe yaliyotawanyika, na vigae, yaani vipande vya vyombo vya udongo vilivyovunjika, ambavyo maji yakipwa huonekana vimelala juu ya mchanga.

Ni masalio hayo machache ndiyo yanayopotezwa mchana kweupe. Hivi karibuni, wakati wa maji kupwa, walishuhudiwa vijana wakichagua vigae bapa, vingine vikiwa bado na mng'ao wa kijani wa vyombo vilivyoletwa na majahazi kutoka ng'ambo, na kushindana kuvirusha ili viruke juu ya maji, huku hatua chache kutoka walipo, mawe ya matumbawe yaliyochongwa kwa mkono, moja likiwa na chokaa ya kale iliyoshikamana na ubavu wake, yakipangwa ndani ya mtumbwi yakatiwe kwenye msingi wa nyumba. Watu wazima walikuwapo. Hakuna aliyekemea, na mmoja wao alisaidia kubeba.

Vijana wale wasilaumiwe peke yao, kwa kuwa hakuna aliyepata kuwapeleka pale kwa miguu na kuwaambia wanakanyaga nini. Lawama ni ya jamii nzima iliyozoea kuona na kunyamaza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863 na inakataza kuyaharibu au kuyahamisha bila kibali, lakini sheria haina macho ufukweni, na ofisa aliyeko mbali hawezi kumzuia mtu anayepakia mtumbwi alfajiri. Wenye macho ni majirani. Majirani wakikubali jiwe liondoke leo, basi wamekubali pia kwamba watoto wao waamini Mafia ilianza siku ile ilipofika meli ya Mzungu.

Sababu zinajulikana na kila mtu: bahari inakula ufukwe, mawe ya kujengea ni ghali, wazee wenye masimulizi wanatangulia mbele ya haki, na vitabu vya shule vinaitaja Mafia kwa nadra. Hakuna haja ya kuzirefusha.

Kuna upotevu wa pili unaotembea sambamba na huo, nao ni wa miili. Mtu wa Bwejuu wa zamani alivuka kwa kafi na tanga, akasukuma chombo mchangani, akavuta nyavu kwa mikono, akarudi nyumbani kwa miguu. Leo mashine ya boti imechukua kazi ya mabega, na kwa waliohamia mji wa Kilindoni bodaboda imechukua kazi ya miguu. Hakuna anayetaka mvuvi arudishiwe taabu aliyoikimbia. Hata hivyo uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, yaani yale ambayo mtu hayapati kwa mwenziwe, kama kisukari na maradhi ya moyo, ulikuta kwamba takribani mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini ana shinikizo la juu la damu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima aushughulishe mwili kwa angalau dakika 150 kila wiki. Jamii ya visiwani iliyokuwa ikizipata dakika hizo bila kuzihesabu sasa inalazimika kuzitafuta.

Wito unaotolewa hapa ni kwamba upotevu huu wa aina mbili ukabiliwe kwa jambo moja: mbio za historia, yaani mazoezi ya pamoja ya kila mwezi ambayo njia yake inapita mahali penye kumbukumbu, na ambayo katika kila kituo watu husimama, hupumua, na husikiliza habari ya mahali hapo kutoka kwa mtu anayeijua. Msingi wake upo tayari katika mchakamchaka, ule ukimbiaji wa hatua za kulingana ambao mmoja huongoza wimbo na wengine huitikia, na ambao karibu kila Mtanzania aliyepita shule ya msingi aliufanya kabla ya jua kupanda. Mwishoni mwa mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Zanzibar huifanya Januari 1 siku ya mazoezi ya viungo, na vikundi hutoka mitaani kwa maelfu. Lamu hushindanisha majahazi, waogeleaji na hata punda katika sherehe zake, na hakuna mtu wa Lamu anayedhani kuwa resi hizo ni mchezo mtupu, kwa sababu ndani yake mji hujikumbusha wenyewe ulivyoishi. Mafia imepungukiwa na uamuzi tu.

Kwa Bwejuu, hata hivyo, tarehe ya serikali haiwezi kufuatwa bila akili, kwa maana kisiwa kinaongozwa na mwezi wa angani kabla ya mwezi wa kalenda. Siku za bamvua, ambazo ni siku za maji makubwa karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji katika pwani hii hujaa alfajiri na hupwa kabisa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi. Kwa hiyo ichaguliwe Jumamosi iliyo karibu zaidi na bamvua, vyombo viondoke baada ya sala ya alfajiri maji yakianza kutoka, wenye nguvu wapige kafi kwa zamu badala ya kuwasha mashine, na watakapofika Kisimani ufukwe utakuwa umefunuka wote, mpana na mgumu wa kukimbiliwa, vigae vikiwa wazi mbele ya kila mtu. Kurudi ni kwa maji yanayojaa. Kila chombo kiwe na maboya ya kuokolea, na kusi ikivuma kwa nguvu pasivukwe, bali watu wakizunguke kisiwa chao kwa miguu.

Vituo havikosekani. Upande wa Bwejuu unaotazama Rufiji pasimuliwe habari za mwaka 1915, Waingereza walipoitwaa Mafia mnamo Januari, wakaifanya kituo cha ndege zilizoelekeza mizinga, hadi manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha ndani ya delta, ikaangamizwa Julai 11. Watoto waelezwe kwamba vita hivyo vilipita juu ya vichwa vya wavuvi ambao hawakuulizwa. Kisimani pasimuliwe Kilwa. Kwa wanaoweza kwenda mbali, mara moja kwa mwaka safari ifike kisiwa cha Juani, kwenye magofu ya Kua, mji wenye misikiti na jumba la kifalme ambao Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, waliuvamia mwanzoni mwa karne ya 19 na kuchukua watu mateka. Kisha Chole, iliyokuwa makao ya utawala wa Waarabu wa Oman na baadaye wa Wajerumani mpaka makao hayo yalipohamishiwa Kilindoni mwaka 1913. Anayepanda ngazi za mji wa Kua akihema ataufahamu mji huo kuliko anayeutazama kwenye picha.

Wanawake wasiachiwe kazi ya kushangilia tu. Wao ndio wanaotembea miambani maji yakipwa kuchokoa pweza, na miguu yao inaijua pwani kuliko ya mkimbiaji yeyote, kwa hiyo wawe na kundi lao, kwa mwendo na mavazi wanayoyataka wenyewe, na kiongozi wa kundi atoke miongoni mwao. Wazee wasioweza kutembea wabebwe kwa mashua mpaka kituoni, kwa sababu bila wao mbio zinabaki jasho tu. Walimu wa shule na wa madrasa wakubaliane juu ya saa ili mtoto asilazimike kuchagua. Kuhusu gharama, serikali za vijiji, halmashauri na wenye hoteli watafute namna. Kinachohitajika ni maji ya kunywa, maboya na mafuta ya chombo kimoja cha dharura, na haiwezekani kwamba wilaya nzima ishindwe na hayo.

Itasemwa kwamba mawe yatakwisha kwa vyovyote, kwa kuwa bahari haisikii wito. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara vilisemewa hivyohivyo. Magofu yake yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati na ulinzi wa kingo ambayo wanavijiji walishiriki. Kisimani ni ndugu wa Kilwa kwa sultani na kwa sarafu. Iweje ndugu mmoja avishwe na mwingine avuliwe nguo na watoto wake mwenyewe? Bahari ina haki yake, lakini mtu anayeisaidia bahari kubomoa hana haki yoyote, na jamii inayomtazama akibomoa inashiriki kitendo chake.

Watu wa Bwejuu wanaombwa, na wenzao wa Kilindoni, Jibondo, Juani na Chole wanaombwa pamoja nao, wasisubiri barua, mgeni wala mfadhili. Bamvua ijayo haitasubiri. Mbiu ipigwe siku mbili kabla, kila kaya itoe mtu mmoja, na kila chombo kinachovuka kiandikishe waliomo. Kuondoa kigae Kisimani kuwe mwiko kuanzia siku hiyo: kishikwe, kitazamwe, kielezwe, kirudishwe mchangani pale pale kilipokuwa. Na kwa kuwa mawe yaliyopakiwa hayajapotea, bali yanajulikana yalipo na mengine bado yamerundikwa uani yakisubiri saruji, safari ya kwanza ianze kwa kuyapitia nyumba hadi nyumba, bila matusi na bila polisi, vijana wayabebe mabegani mpaka ufukweni kama sehemu ya mazoezi yao, wayapange ndani ya mtumbwi uleule, na wayavushe.