Mafuta ya pamba yapite kwanza kwenye karai

Mwaka 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilianza kukamua mafuta ya mbegu huko Makueni, Kenya, na mwaka huohuo ikasafirisha shehena ya kwanza hadi Gela, kisiwani Sicily. Pale Gela, kiwanda cha zamani cha kusafisha petroli kiligeuzwa mwaka 2019 kitengeneze dizeli kwa mafuta ya mimea na yale yaliyokwishakaangiwa. Miongoni mwa mbegu za Makueni imo ya pamba, na kwetu Tanzania Simiyu ndio mkoa wa pamba. Siku mnunuzi wa namna hiyo akibisha hodi Bariadi mkoani humo, jibu liwe tayari: mafuta mapya ni ya kula, ya kuuza ni yale ambayo karai limeshamalizana nayo.

Taifa hili bado linaagiza mafuta ya kula kutoka nje. Kuyapeleka ya pamba kwenye injini, kisha tununue mengine kwa dola, ni biashara ya ajabu. Yaliyotumika ni habari nyingine. Yakikaangiwa chipsi na mihogo hadi yakawa meusi na kutoa povu, kuendelea kuyatumia ni kumdhuru mlaji. Kiwandani hayana shida: haidrojeni huondoa oksijeni iliyomo, ikabaki dizeli inayoingia kwenye gari bila kubadilisha kifaa chochote.

Utaambiwa hatuna kiwanda. Kweli: kiwanda cha kusafisha petroli cha Tiper, Kigamboni, kilichoanza mwaka 1966, siku hizi ni bohari tu, na kile cha Mombasa kilisimama mwaka 2013. Lakini marobota ya pamba huenda bandarini kwa malori, na mapipa machache yanaweza kupanda humohumo. Utaambiwa pia kiasi ni kidogo. Kwa Bariadi peke yake, ndiyo; ndiyo maana Mwanza na Shinyanga zihusishwe tangu mwanzo. Kinachonitia wasiwasi mimi ni bei. Ikiwa ndogo mno, muuza chipsi atakaangia hadi tone la mwisho. Ikizidi ya mafuta mapya, wajanja watamimina mapya kwenye pipa la machakavu. Ulaya imezishuku shehena za Asia kwa hila hiyohiyo. Basi halmashauri isajili wanunuzi, bei ibaki chini ya ile ya dumu jipya sokoni, na malipo yafanyike papo hapo, kwa kilo, maji na makapi yakishachujwa.