Kwotabeki Yupi Aanze? Swali Lenyewe Lina Hitilafu

Leo tunaacha kidogo mambo ya tarakilishi tuende uwanjani, lakini msiwe na wasiwasi, tutapita kwenye seva kabla ya kumaliza. Nataka kuzungumzia ubishi ambao huzuka kila mwaka kule Marekani karibu na mwezi wa nane, vyuo vikuu vinapojiandaa kwa msimu wa kandanda yao. Kwotabeki yupi aanze mechi?

Kwa wasioijua kandanda ya Kimarekani, maelezo mafupi. Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne, ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Lengo ni kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani, ambapo timu hupata pointi 6. Hapa nitaliita bao hilo mguso. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila jaribio na kuamua: aurushe, ampe mwenzake akimbie nao, ama akimbie nao mwenyewe. Katika soka kocha anaweza kuwapanga viungo watatu wazuri pamoja. Kwotabeki ni mmoja tu, kama kipa. Ukimpa huyu nafasi umemnyima yule, na hapo ndipo kelele zinapoanzia.

Na ni kelele kweli! Uwanja wa chuo kikuu cha Alabama, mjini Tuscaloosa, unabeba watu zaidi ya 100,000. Wanaojadiliwa na umati huo ni wanafunzi wa miaka 19 au 20.

Maoni yangu ni haya: mashabiki huuliza "nani bora?" na wakishapata jibu huona kazi imekwisha, yule mwingine na aende zake. Swali lenye maana zaidi ni hili: huyu wa kwanza akianguka, timu itabaki na nani? Hebu tuchukue mfano wa Alabama wenyewe, kwa maana sijaona mwingine unaolionyesha jambo hili wazi zaidi.

Mwaka 2016 Jalen Hurts alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale Alabama, na akawa kwotabeki anayeanza. Kufikia mwisho wa msimu wa 2017 alikuwa ameanza mechi 28 na timu ikashinda 26. Mtu mwenye rekodi hiyo ungedhani hana wa kumbishia. Lakini mwaka 2017 alifika kijana kutoka Hawaii, Tua Tagovailoa, anayerusha kwa mkono wa kushoto, na pasi zake zilikuwa tamu kutazama. Baadhi ya mashabiki wakaanza kusema Hurts ni mkimbiaji tu, arushaye ni Tua.

Sasa tutazame takwimu, maana hapa ndipo mimi kama mwandishi wa programu ninapoingilia. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kina kanuni ya kumpima mrushaji. Chukua yadi zake zidisha kwa 8.4, ongeza miguso mara 330, ongeza pasi zilizofika mara 100, ondoa pasi zilizonyakuliwa na wapinzani mara 200, kisha gawanya yote kwa idadi ya pasi alizojaribu. Hata anayejifunza programu wiki ya kwanza anaweza kuiandika kwa mstari mmoja.

Msimu wa 2017 Hurts alijaribu pasi 255, zikafika 154, yadi 2,081, miguso 17, na pasi moja tu ikanyakuliwa. Piga hesabu utapata 150.2. Tua, kabla ya mechi ya mwisho ya msimu huo, alikuwa amejaribu pasi 53, zikafika 35, yadi 470, miguso 8, moja ikanyakuliwa. Piga hesabu utapata karibu 187. Haya basi, shabiki wa Tua atasema kesi imefungwa!

Polepole, ndugu. Kwanza, pasi 53 ni data kidogo. Pili, nyingi kati ya hizo alizirusha wakati mechi imekwisha kuamuliwa. Alabama iliifunga Vanderbilt 59-0 na Mercer 56-0 mwaka huo, na mechi za namna hiyo ndizo zilizompa Tua nafasi. Ni sawa na kulinganisha programu mbili, moja inahudumia wateja maelfu mchana kutwa, nyingine inaendeshwa usiku na mtu mmoja, halafu uitangaze ile ya usiku kuwa ndiyo yenye kasi. Tatu, kanuni yenyewe haihesabu mbio. Msimu ule Hurts alikimbia na mpira yadi 855, na katika kanuni ile yadi hizo zote ni sufuri.

Kwotabeki wa akiba hupendwa kwa sababu hiyo hiyo. Makosa ya anayeanza yameonekana na kila mtu, ya aliye benchi bado hayajapata nafasi ya kuonekana. Sisi nasi tunafanya hivi kwa makipa wa timu ya taifa: yule aliyefungwa juzi ni mbaya, yule ambaye hajacheza ni mzuri.

Lakini nisiwaonee mashabiki wa Tua. Tarehe 8 Januari 2018, fainali ya taifa dhidi ya Georgia mjini Atlanta, Alabama ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma 13-0. Hurts alikuwa amefikisha pasi 3 kati ya 8, yadi 21 tu. Kocha Nick Saban akamtoa, akamwingiza Tua. Mechi ikaenda muda wa ziada, Georgia ikatangulia 23-20, kisha Tua akaangushwa na kurudishwa nyuma yadi 16. Jaribio lililofuata alirusha pasi ya yadi 41 hadi kwa DeVonta Smith, mguso, 26-23, Alabama bingwa! Vijana wote wawili, aliyetolewa na aliyeingia, walikuwa na miaka 19.

Na msimu uliofuata Tua alipoanza mechi, alama yake ilikuwa 199.4, safari hii kwa pasi 355. Hiyo sasa ni data ya kutosha. Kwa hivyo waliosema Tua ni mrushaji bora walipata jibu sahihi, hata kama mwaka 2017 ushahidi wao ulikuwa haba. Hilo nalikubali bila shida.

Walipokosea ni hatua ya pili. Wengi walidhani jibu hilo linamaanisha kwamba Hurts hana kazi tena Tuscaloosa, afungashe virago.

Mwaka 2018 kulikuwa na sheria mpya: mchezaji akicheza mechi zisizozidi nne katika msimu, msimu huo hauhesabiwi katika minne anayoruhusiwa kucheza chuoni. Kwa hiyo Hurts angeweza kuketi baada ya mechi ya nne, akauhifadhi mwaka wake na kuupeleka chuo kingine. Tarehe 29 Septemba Alabama ilicheza mechi yake ya tano, na Hurts akaingia uwanjani. Kwa kuingia huko msimu wake ukahesabiwa. Aliamua kubaki akiba.

Siku hiyo hiyo, jimbo la South Carolina, ilionekana upande wa pili wa sarafu. Clemson walikuwa wameanza msimu na Kelly Bryant, aliyewafikisha hatua ya timu nne bora msimu uliotangulia. Baada ya mechi nne, kocha Dabo Swinney akamfanya Trevor Lawrence, wa mwaka wa kwanza, kuwa anayeanza. Bryant akaondoka timuni wiki hiyo, na alikuwa na haki yake. Kisha Jumamosi, dhidi ya Syracuse, Lawrence akaumia na kutoka! Aliyebaki ni Chase Brice, kwotabeki ambaye siku chache kabla alikuwa wa tatu. Timu iliyokuwa na makwotabeki wawili wa kiwango cha juu Jumapili ilikuwa na mmoja Jumamosi iliyofuata, na baada ya kipindi cha kwanza haikuwa naye hata huyo. Brice aliwaokoa, wakashinda 27-23, na Clemson wakamaliza msimu bila kupoteza mechi, wakaifunga Alabama yenyewe 44-16 katika fainali. Matokeo yalimtetea kocha. Lakini ukiisoma ile mechi ya Syracuse kama mhandisi, utaona mfumo uliokuwa hatua moja tu kutoka kuzimika.

Turudi Alabama. Tarehe 1 Desemba 2018, fainali ya ligi ya SEC. Wapinzani ni Georgia tena, uwanja ni ule ule wa Atlanta. Robo ya mwisho Tua akaumia kifundo cha mguu, Alabama ikiwa nyuma 28-21. Akaingia Hurts. Akarusha mguso wa kusawazisha, kisha akakimbia mwenyewe yadi 15 na kufunga wa ushindi zikiwa zimebaki sekunde 64. 35-28. Mwaka mmoja Tua alimwokoa Hurts, mwaka uo huo Hurts akamwokoa Tua. Shabiki aliyetaka mmoja wao aondoke angekosa moja ya ushindi huo.

Sasa niwaambie kwa nini hili linanigusa. Sisi tunaoshughulika na seva tuna ada ya kuweka seva ya akiba, ili ya kwanza ikizimika kazi iendelee. Mwenye pesa huiangalia ile ya pili na kuuliza, hii inafanya nini? Haina wateja, inakula umeme, iuzwe. Na hata ikiachwa, mara nyingi haijaribiwi kamwe, kwa hivyo siku ikihitajika hugundulika kuwa haina data mpya wala nywila sahihi. Saban hakumweka Hurts kwa mapambo. Alimpa pasi 70 msimu ule wa 2018, mechi baada ya mechi, na alipoingia Atlanta hakuwa baridi.

Tofauti ni kwamba seva haina moyo. Hurts alikaa kando msimu mzima akisikia watu wakisema alishapitwa na wakati. Akamaliza shahada yake Desemba 2018, akahamia Oklahoma, na mwaka 2019 akashika nafasi ya pili katika tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo. Tua alikuwa ameshika nafasi hiyo hiyo mwaka 2018. Mwaka 2020 Tua alichaguliwa wa 5 kuingia ligi ya kulipwa ya NFL, Hurts wa 53. Mwaka 2023 Tua aliongoza NFL nzima kwa yadi za pasi. Februari 2025 Hurts aliiongoza Philadelphia Eagles kushinda Super Bowl 40-22 na akatajwa mchezaji bora wa mechi. Jamani, "nani bora?" ilikuwa na jibu gani hapo?

Kuna hoja dhidi yangu, na ni nzito. Siku hizi kumweka kwotabeki wa pili ni kazi ngumu. Oktoba 2018 NCAA ilianzisha mfumo wa uhamisho, ambao kiini chake ni hifadhidata tu: mchezaji anaomba jina lake liingizwe, na vyuo vingine vinaruhusiwa kumtafuta. Mwaka 2021 wachezaji wa kandanda waliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, na mwaka 2024 kikomo hicho cha mara moja kikaondolewa kwa mwenye alama nzuri za masomo. Tangu Julai 2021 pia wanaweza kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao. Kijana mwenye kipaji atakaa benchi kwa nini?

Naona ni haki yao kuhama, na sitaki turudi enzi za kuwafungia. Lakini kama wa pili anaweza kuondoka kwa kubonyeza kitufe, basi thamani ya kumtunza imepanda. Kocha anayeweza kumpa dakika za kweli, na mechi bado ina ubishi, ana sababu ya kumwambia abaki. Na shabiki anayemzomea aliyeanza ili amwone wa akiba anachangia kumwondoa mmoja wa wawili, halafu Novemba mtu akivunjika mguu ndiye wa kwanza kulia kwamba hatuna kwotabeki.

Basi mkibishana, bishaneni kwa vipimo. Pasi ngapi? Dhidi ya nani? Mechi ilikuwa imeamuliwa au bado? Akiumia huyu, yuko nani, na amecheza mara ngapi msimu huu? Ukiweza kujibu hayo manne, nitakusikiliza hata ukitofautiana nami.

Nimesema yangu. Wenye maoni, uwanja ni wenu.