Nyangumi wa Azores: chusa limewekwa chini, hatari ingalipo

Mnamo Oktoba 2024 bunge la visiwa vya Azores, jimbo la Ureno lenye mamlaka yake ya ndani katikati ya bahari ya Atlantiki, liliidhinisha hifadhi zinazochukua asilimia 30 ya bahari ya visiwa hivyo. Uamuzi huo umesifiwa na watetezi wa mazingira. Swali lililobaki ni iwapo mipaka ya hifadhi inatosha kumlinda mnyama ambaye sasa anafuatwa na watalii.

Ikumbukwe kwamba hadi miaka ya 1980 wakazi wa visiwa hivyo walikuwa wakivua nyangumi kwa chusa la mkono, ndani ya mashua za makasia na matanga. Marufuku ya kimataifa ya uvuvi wa kibiashara ilianza kutekelezwa mwaka 1986, na nyangumi wa mwisho aliuawa katika kisiwa cha Pico mwaka 1987.

Miaka michache baadaye, mashua za watalii zilianza kutoka katika bandari zile zile. Walinzi waliokaa juu ya majabali wakitafuta pumzi ya nyangumi ili wavuvi waitwe, sasa huwaelekeza manahodha kwa redio. Ujuzi ulioua umegeuka kuwa riziki.

Hata hivyo, biashara hii nayo ina madhara yake. Nyangumi mkubwa mwenye meno huzama zaidi ya mita 1,000 kutafuta ngisi, kisha hulazimika kupumzika juu ya maji ili avute pumzi. Mashua zikimzonga wakati huo, hukatizwa mapumziko anayoyahitaji kabla ya kuzama tena. Ndiyo maana sheria ya Azores ya mwaka 1999 inadai leseni, inawataka manahodha wamkaribie kwa nyuma, na inaweka umbali usiopungua mita 50.

Lakini si kila hatari inatokana na watalii. Kusini zaidi, katika visiwa vya Canary vya Hispania, nyangumi 14 walikwama ufukweni mwaka 2002 wakati wa mazoezi ya kijeshi ya majini, na lawama ikaangukia mitambo ya sauti ya manowari. Hispania ilipiga marufuku mitambo hiyo karibu na visiwa hivyo mwaka 2004. Huko huko, vivuko viendavyo kasi vimekuwa vikiwagonga nyangumi.

Funzo la visiwa hivi viwili ni kwamba utalii umempa nyangumi thamani akiwa hai, jambo ambalo si dogo. Lakini thamani hiyo haimkingi dhidi ya kelele, kasi ya meli na tamaa ya kumsogelea zaidi. Ramani ya hifadhi itakuwa na maana pale tu patakapokuwapo wa kuisimamia baharini.