Ua la Dalia na Kalenda ya Kuazima

Miongoni mwa maua ya bustani yanayopendwa sana duniani ni dalia. Jina hili lisiwachanganye wale waijuao dalia ya unga wa manjano wenye harufu nzuri, ambao wanawake wa pwani hujipaka. Dalia inayozungumzwa hapa ni mmea, nao ulipewa jina kwa heshima ya Anders Dahl, mtaalamu wa mimea wa Sweden aliyekuwa mwanafunzi wa Linnaeus. Hata hivyo, mmea wenyewe si wa Sweden wala wa nchi yoyote ya Ulaya. Asili yake ni milima ya Meksiko na Amerika ya Kati. Ulifika Madrid, Hispania, mwaka 1789, na mwaka 1791 Antonio José Cavanilles akautangaza kwa jina hilo. Tangu wakati huo watu wa Ulaya wameuzalisha kwa maelfu ya aina, na wameandika vitabu vingi juu ya namna ya kuutunza.

Matatizo huanzia katika vitabu hivyo. Vingi humwagiza msomaji apande mwezi Mei, kisha ang'oe viazi vya dalia mnamo Novemba, baridi kali inapoanza kugandisha udongo. Mwalimu wa Kasingirima, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, akiyafuata maagizo hayo neno kwa neno, atapanda wakati mvua zinakwisha na atang'oa wakati mvua zimekwishaanza. Dalia zake zitadhoofu, naye atatoa hukumu kwamba ua hili halifai Ujiji. Hukumu hiyo itakuwa ya haraka, kwani kosa litakuwa la kalenda. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na kalenda ya kuazima, vivyo hivyo, haioteshi mmea.

Yafaa basi kuuliza: kwa nini dalia ina viazi? Katika milima ya Meksiko mvua hunyesha hasa tangu Juni hadi Oktoba, kisha hufuata miezi mingi ya ukavu. Ukavu unapokuja, shina la dalia hunyauka na kufa, lakini mizizi yake iliyonenepa hubaki ardhini ikiwa na akiba ya chakula na maji, ikingoja mvua za mwaka unaofuata. Kiazi hicho, kwa hiyo, ni ghala la kuvukia kiangazi. Mkulima wa Uingereza hukichimba na kukihifadhi ndani kwa sababu jalidi ya nchi yake ingekiua. Huo ni ujanja wa mkulima katika nchi ya ugenini, wala haumo katika maumbile ya mmea.

Kigoma hupata mvua kama milimita 1,000 kwa mwaka. Huanza Oktoba au Novemba, huendelea hadi Aprili au Mei, na Juni hadi Septemba huwa kukavu. Kwa jinsi hii, mfuatano wa majira katika mwambao wa Ziwa Tanganyika unafanana na ule wa asili ya dalia kuliko ulivyo mfuatano wa majira ya London, ijapokuwa miezi yenyewe ni tofauti. Anayefuata sababu atapanda mvua zikianza. Anayefuata jina la mwezi atapotea.

Iko sababu ya pili, nayo ni urefu wa mchana. Huko London mchana mrefu kuliko wote katika mwaka hufikia saa 16 na nusu hivi, na ule mfupi kuliko wote haufiki saa 8. Kigoma iko karibu nyuzi 5 tu kusini ya Ikweta, na tofauti baina ya mchana wa Desemba na ule wa Juni ni kama nusu saa na dakika chache. Sasa, imethibitika kwamba mchana mfupi, wa saa 12 au pungufu, huichochea dalia kujaza viazi, ilhali mchana mrefu zaidi husaidia shina na maua kukua. Basi apandaye Novemba huupa mmea wake mchana mrefu kadiri Kigoma iwezavyo kuutoa. Apandaye Mei huupa mchana mfupi pamoja na ukavu.

Haifai, hata hivyo, kuficha ukweli kwamba Kasingirima si Meksiko. Ziwa liko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana ni kubwa kuliko lile la milima ambako dalia ilitoka. Katika nyanda za juu kama Lushoto kazi ni rahisi zaidi. Ujiji itambidi mkulima achague mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli chepesi cha alasiri, na atandaze nyasi kavu juu ya udongo ili mizizi isiungue. Kitanda cha mita 3 kwa mita 1 chatosha kwa darasa zima.

Udongo uchanganywe na samadi iliyooza vizuri au mboji, nao usituamishe maji. Kiazi hulazwa kwenye shimo la sentimita 10, na nafasi kati ya mmea na mmea iwe kama sentimita 50. Mti wa kuegemeza shina uchomekwe siku ile ile ya kupanda, maana ukichomekwa baadaye waweza kukitoboa kiazi. Kabla chipukizi halijatokeza, maji mengi huozesha. Shina likifika sentimita 30, ncha yake ikatwe ili matawi yachipue pembeni, na maua yaliyochakaa yaondolewe kila mara. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huleta majani mengi na maua machache. Mimea iliyopandwa mapema Novemba huweza kuanza kuchanua baada ya miezi miwili au mitatu, yaani shule zikiwa zimekwishafunguliwa mwezi Januari, na wakati wa likizo ya Desemba mvua yenyewe huwa ndiyo mnyweshaji. Majani yakikauka, mwezi Mei au Juni, viazi vichimbwe na kuhifadhiwa ndani ya mchanga mkavu mahali penye kivuli.

Wakati wa kugawa viazi ndipo somo kubwa la biolojia linapofunguka. Kiazi mviringo, ambacho wengine hukiita mbatata, ni shina lililonenepa, na macho yake yameenea kila upande. Kiazi kitamu ni mzizi, lakini ni mzizi uwezao kutoa machipukizi. Muhogo ni mzizi usioweza kuchipua kabisa, ndiyo maana mkulima hupanda kipande cha shina lake. Dalia ni mzizi pia, na macho yake yako shingoni tu, pale unapoungana na shina la zamani. Kiazi cha dalia kilichokatwa bila shingo kitakaa ardhini miezi mingi, pengine kitatoa hata vijizizi, lakini hakitaota. Mwanafunzi aliyepanda vipande viwili, kimoja chenye shingo na kingine kisicho nayo, hatahitaji kukariri tofauti hiyo.

Aidha, tone la iodini likidondoshwa juu ya kipande cha muhogo, hugeuka rangi ya buluu iliyokoza hadi kukaribia weusi, kwa kuwa muhogo umejaa wanga. Likidondoshwa juu ya kipande cha dalia, rangi hiyo haitokei. Akiba ya dalia ni inulini, ambayo imeundwa hasa kwa sukari ya fruktosi, wakati wanga umeundwa kwa glukosi. Jaribio hili lahitaji kisu, sahani na chupa moja ya iodini, nalo linamwondolea mwanafunzi dhana kwamba kila kilicho kama kiazi kina wanga.

Watakuwapo watakaosema kwamba maua ni anasa, na kwamba bustani ya shule ni ya chakula. Hoja hii ina uzito, na haifai kudharauliwa katika nchi ya wakulima. Lakini mwalimu atazame ugonjwa. Dalia hupatwa na kirusi kiachacho mabaka na michirizi ya rangi hafifu majani. Hubebwa na vidukari, na hupita pia ndani ya kiazi kutoka msimu hadi msimu. Muhogo hupatwa na batobato na michirizi ya kahawia, magonjwa ya virusi yanayoenezwa na inzi weupe pamoja na vipando vyenye maambukizi. Michirizi ya kahawia ina hila zaidi: mmea waweza kuonekana mzima juu, kumbe mihogo yake imeoza ndani. Katika mkoa ambako muhogo ni chakula cha kila siku, mwanafunzi aliyezoea kuchunguza jani la dalia, akang'oa mmea mgonjwa hata kama ua lake ni zuri, amejifunza jambo la kumfaa shambani kwa wazazi wake. Mkulima asiyejifunza hivyo huupanda ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe, na wengine huupokea kutoka kwa jirani kama zawadi.

Wengine watasema kwamba ua hili ni la kigeni. Ni kweli, lakini muhogo na mahindi navyo vilitoka Amerika, na leo hakuna aviitaye vya kigeni. Mimea hiyo ilikuwa ya wenyeji pale wakulima walipoipatia majira yake, udongo wake na mbinu zake. Hawakusubiri kitabu.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka shamba la shule liwe mahali pa kujifunzia. Pale ambapo jembe limegeuzwa kuwa adhabu ya wachelewaji, lengo hilo limepotea. Kitanda kimoja cha dalia chaweza kulirejesha, kwa sharti kwamba wanafunzi waandike daftari: tarehe ya mvua ya kwanza, tarehe ya kupanda, ya chipukizi na ya ua la kwanza, idadi ya mimea iliyougua na iliyopona. Kazi hiyo ianzwe na Kidato cha Kwanza na cha Tatu, ambao Novemba hawana mtihani wa taifa, wakabidhiane daftari mwaka hata mwaka. Baada ya misimu mitatu au minne shule itakuwa na kalenda yake ya dalia, iliyopimwa Kasingirima kwa mvua na jua la Kasingirima. Kitabu cha Ulaya kitaendelea kusomwa, maana kina mengi ya kufundisha. Ila kitasomwa na watu wenye cha kukilinganisha nacho.