Majina Mawili, Mtu Mmoja

Wapo wanaodai kwamba programu ikiharibika baada ya kompaila kuiboresha, kosa ni la mwandishi peke yake, kwa kuwa hakufuata kanuni za lugha ya C. Mimi napinga.

Kanuni inayobishaniwa ni hii: pointa mbili za aina tofauti, tuseme moja ya namba kamili na nyingine ya namba za desimali, kompaila inaruhusiwa kudhani kwamba haziwezi kuelekeza mahali pamoja katika kumbukumbu. Kwa hiyo husoma thamani mara moja, huishika, wala hairudi kuiangalia.

Njoo Bwera uone ubaya wake. Kwetu Wakonzo, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa Baluku, na wa kwanza wa kike Masika. Baluku akimzaa Masika, anaitwa pia Baba Masika. Muweke dukani karani mgeni anayeamini kwamba majina mawili ni watu wawili. Asubuhi anaona Baluku hana deni. Mchana Baba Masika anachukua sukari kwa mkopo. Jioni karani, bila kufungua daftari, anasema: "Baluku hadaiwi." Kazi imekwenda haraka, hasara ni ya mwenye duka.

Kiini cha mfumo endeshi kimejaa akina Baluku hawa. Kumbukumbu ileile husomwa kwa sura nyingi. Ndiyo maana kiini cha Linux hutengenezwa kwa swichi ya -fno-strict-aliasing, inayoikataza kompaila kudhani hivyo.

Mwaka 2009, katika Linux 2.6.30, dhana nyingine ya aina hiyo ilileta balaa. Draiva ya TUN ilitumia pointa kabla ya kukagua kama ni tupu. GCC ikaamua: imeshatumika, basi si tupu; ikafuta ukaguzi kimyakimya. Mpangilio ulikuwa mbaya, nakubali. Lakini aliyeondoa kufuli mlangoni ni kompaila, na mtumiaji wa kawaida akaweza kuitawala mashine nzima. Wakuu wa Linux wakaizima dhana hiyo pia.

Mtasema kuzima kunapunguza kasi. Kasi kwa faida ya nani? Simu za Android hutumia kiini hichohicho, na kutoka Kasese mjini hadi mpakani Mpondwe watu wanatunza pesa zao humo. Mama muuza ndizi hajawahi kuisoma kanuni ya C, wala hapaswi.

Nataka dhana za hatari ziwe zimezimwa tangu mwanzo, na anayetaka kasi aziwashe mwenyewe. Tena kompaila ikitaka kufuta ukaguzi, ipige kelele kwanza.