Tuwapeleke watoto, lakini tuwahesabu njiani

Leo ni Sikukuu ya Familia Takatifu, na Injili inayosomwa mwaka huu ni ile ya Luka sura ya 2, kuanzia aya ya 41: habari ya mtoto Yesu aliyebaki Yerusalemu. Wengi tumezoea kuisikia kama fundisho la utii kwa watoto. Leo naomba tuisome kama habari ya wazazi walioipeleka familia yao kwenye sherehe kubwa yenye umati, wakaanza safari ya kurudi bila mtoto.

Sheria ya Musa iliwataka wanaume wafike mbele za Bwana mara tatu kwa mwaka. Yosefu angeweza kwenda peke yake, akarudi na kusimulia. Kutoka Nazareti hadi Yerusalemu ulikuwa mwendo wa siku tatu au nne kwa miguu, wenye vumbi, jua na hofu ya wanyang'anyi, na siku za Pasaka mji ulifurika wageni. Hata hivyo, Luka anatuambia Maria naye alikuwa akienda kila mwaka, na mtoto alipofika miaka 12 wakapanda pamoja naye.

Walifanya vizuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu siku hizi wapo wazazi wanaosema watoto wabaki nyumbani, wataona kila kitu kwenye televisheni. Maandiko hayako upande huo. Katika Kumbukumbu la Torati 31:12, Musa anaagiza watu wote wakusanywe kusikiliza sheria, na anawataja wanaume, wanawake, watoto na hata mgeni anayekaa miongoni mwao. Katika Yoshua sura ya 4, yanatolewa mawe 12 katika mto Yordani ili siku moja mtoto aulize maana yake na mzazi apate nafasi ya kumjibu. Mungu alitaka watoto wawepo pale historia ya watu wake inapopita, waone kwa macho yao na waulize.

Mimi ni tunda la imani hiyo. Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja Tanzania Septemba 1990, alifika Dar es Salaam, Songea, Mwanza, Tabora na Moshi. Nilikuwa na miaka 9, na baba alitupeleka Moshi watoto wote wanne. Usiku wa kuamkia safari, mama alichana kitenge kimoja vipande vinne, akamfunga kila mtoto kipande mkononi, ili tukichanganyika na watu atutambue kwa rangi.

Tulipofika, watoto wa jirani walipenya mbele na baba yao. Baba yetu alikataa. Alitusimamisha pembeni kabisa, karibu na njia ya kutokea. Papa niliyemwona mimi alikuwa doa jeupe kwa mbali. Nililia kwa hasira, nikamwambia baba kwamba wenzetu wamemwona na sisi hatujamwona. Hakunijibu hadi tulipokuwa njiani kurudi. Alisema, "Mmekuja wanne, mnarudi wanne. Mimi nimeridhika."

Jioni, tukiwa tunakula, alimuuliza kila mmoja wetu ameona nini. Kaka yangu alisema ameona askari wengi. Dada alisema ameona bibi mmoja amepiga magoti anatokwa machozi. Baba akaweka chakula pembeni. Akatueleza jinsi Injili ilivyofika vijijini kwetu, makatekista waliotembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango, wazee waliochekwa na ndugu zao walipobatizwa, na kwa nini bibi wa umri ule angelia kumwona mchungaji ametoka mbali kumfuata. Mahubiri ya siku ile siyakumbuki hata sentensi moja. Maelezo ya baba nayakumbuka mpaka leo.

Nilidhani somo lile la kusimama pembeni nimelielewa. Sikulielewa hadi Machi 2021.

Uwanja wa Uhuru, pale Temeke, una kumbukumbu nyingi za taifa letu. Zamani uliitwa Uwanja wa Taifa. Hapo ndipo usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961 bendera ya mkoloni ilishushwa na ya Tanganyika ikapandishwa. Hapo ndipo mwaka 1999 watu walifurika kumuaga Mwalimu Nyerere. Wapo wazee wetu wanaoweza kusema, nilikuwepo, nilibebwa mgongoni. Kwa hiyo Rais John Magufuli alipofariki dunia Machi 17, 2021, na mwili wake ukapelekwa uwanjani hapo ili wananchi waage, ilikuwa jambo la kawaida kabisa kwa wazazi kuchukua watoto na kwenda. Hawakwenda kutazama sinema. Walikwenda msibani, kama tulivyofundishwa kwenda misibani.

Jumapili ya Machi 21 nasi tulitoka Misa ya kwanza, tukapanda daladala na watoto wetu wawili. Foleni ilipokwama, tukashuka na kutembea. Kadiri tulivyokaribia ndivyo watu walivyozidi, hadi tukawa tunatembea kwa kasi ya waliotutangulia na si kwa kasi yetu. Mke wangu alinishika mkono akasema, "Baba, hapa si pa watoto. Turudi."

Nakiri mbele yenu kwamba nilimjibu vibaya. Tulikuwa tumetoka mbali, nilikuwa nimewaambia majirani kwamba tunakwenda, na niliona aibu kurudi bila kuaga. Hakubishana nami. Aliwashika watoto, mmoja kila mkono, akageuka. Nikamfuata nikinung'unika. Binti yetu mkubwa alilia njia nzima, kama nilivyolia mimi mwaka 1990.

Baadaye polisi walitangaza kwamba watu 45 walifariki katika msongamano wa siku ile. Watoto walikuwa miongoni mwao.

Hapa tunapaswa kuwa waangalifu na ndimi zetu. Baada ya msiba ule nilisikia watu, wengine wakiwa Wakristo, wakiwalaumu waliokufa: walifuata nini, kwa nini walibeba watoto. Bwana wetu aliletewa habari za namna hiyo. Katika Luka 13:4 anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, na anauliza kama wasikilizaji wake wanafikiri hao walikuwa na makosa kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Jibu lake ni hapana. Kisha anawageuzia wasikilizaji neno, wao ambao bado wako hai na bado wana nafasi ya kubadilika. Sisi tuliorudi siku ile hatukuwa na akili kuliko waliobaki, wala hatukupendwa zaidi na Mungu. Mimi nilirudi kwa sababu ya mke wangu, na nilirudi nikinung'unika. Kilichobaki ni kujiuliza sisi tulio hai tutabadilika wapi.

Badiliko la kwanza ni katika namna tunavyoongea juu ya imani. Tuna mazoea ya kusema, "Tunakwenda kwa jambo jema, Mungu atatulinda." Ni neno zuri, lakini kumbukeni nani alilitumia pale kwenye kinara cha hekalu katika Mathayo sura ya 4. Ibilisi alimwambia Yesu ajirushe chini, malaika watamdaka, na alinukuu Maandiko kabisa. Yesu alikataa kumjaribu Mungu. Ulinzi wa Mungu mara nyingi unatujia kwa sauti ya kawaida ya mtu aliye karibu nasi anayesema turudi. Mzazi anayegeuka na watoto wake hajapungukiwa imani.

Badiliko la pili ni letu sisi wa makanisa. Msongamano hauchagui kati ya mkutano wa serikali na mkutano wa maombi. Februari 1, 2020, pale Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwenye ibada, waumini walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, inamwamuru anayejenga nyumba kuweka ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Yaani usalama wa mgeni wako ni sehemu ya ibada yako. Kamati ya mkutano wa Injili inayojua bei ya spika na haijui uwanja una milango mingapi ya kutokea, haijajenga ukuta juu ya dari. Juma hili wengi tutakesha kuupokea mwaka mpya. Wachungaji, mapadri na wazee wa kanisa, nawaomba mhesabu milango kabla ya kuhesabu sadaka. Wekeni njia ya wajawazito, wazee na wenye watoto. Na msimwite mtu yeyote akimbilie mbele.

Badiliko la tatu ni la nyumbani. Tazameni kosa la Maria na Yosefu. Hawakumwacha mtoto kwa kutompenda. Walidhani yumo katika msafara. Walikuwa wamezungukwa na ndugu na jamaa, watu wema wa kijiji kimoja, na kila mmoja huenda alidhani mtoto yuko na mwingine. Walitembea siku nzima kwa dhana hiyo, kisha wakamtafuta hadi siku ya tatu. Dhana hiyo ipo hata kwetu. Mama anadhani mtoto yuko na baba, baba anadhani yuko na shangazi, na shangazi amemwona mara ya mwisho getini. Kwenye umati, mtoto wa wote ni mtoto asiye na wa kumshika.

Kwa hiyo, mnapotoka nyumbani, kila mtoto apewe mtu mmoja wa kumshika mkono, kwa jina. Mwandikieni namba ya simu mkononi kwa kalamu, au mshoneeni ndani ya nguo. Mpigeni picha asubuhi akiwa na nguo alizovaa. Kubalianeni mahali pa kukutana mkipotezana, na mahali hapo pawe nje ya umati. Simameni pembeni, mkijua njia ya kutokea iko wapi. Wengi hufikiri watu kwenye msongamano hufa kwa kukanyagwa. Mara nyingi hufa wakiwa wamesimama, kwa kubanwa kifua hadi pumzi inakosa nafasi ya kuingia, na wanaosukuma nyuma hawajui kinachotokea mbele. Mtoto ambaye uso wake uko kiunoni mwa watu wazima huishiwa hewa mapema. Mkiona hamuwezi tena kuchagua mwendo wenu, mmechelewa kidogo, lakini bado kuna nafasi: msishindane na wimbi la watu, sogeeni kwa upande polepole hadi mtoke. Na mkubaliane kabla ya safari kwamba yeyote kati yenu akisema turudi, mnarudi, na hakuna atakayelaumiwa.

Mkisharudi, fanyeni alichofanya baba yangu. Muulizeni mtoto ameona nini. Yesu alipopatikana hekaluni alikuwa ameketi kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Hiyo ndiyo sababu ya kumpeleka mtoto kwenye siku kubwa za taifa na za Kanisa. Tukimpeleka tu ili apigwe picha na baadaye tusimweleze kitu, tumemchosha bure. Na tukilazimika kugeukia njiani, bado tuna la kumweleza. Binti yangu sasa anaelewa kwa nini mama yake aligeuka, na akisali huwaombea watoto wa siku ile ambao hawakurudi nyumbani.

Nimalizie na mwanamke wa Luka sura ya 8, aliyetokwa na damu miaka 12. Umati ulikuwa unamsonga Yesu kila upande, na Petro alishangaa Bwana anauliza nani amemgusa. Katika watu wote wale, Yesu alimtafuta mmoja hadi akampata, akamwita binti. Umati mkubwa hutufanya tuone bahari ya vichwa na tusione mtu. Bwana wetu alimwona mtu. Tukimfuata yeye, tutakwenda kwenye sherehe zetu, tutaimba, tutaaga wafu wetu na kuwapokea wageni wetu, na macho yetu hayatabanduka kwa wale wadogo tuliokabidhiwa.

Nawatakia Jumapili njema na mwaka mpya wenye baraka. Mtakapotoka kanisani leo, kabla ya kupanda gari au kuanza kutembea, hesabuni watoto.